Swaa Moja ni Kilo Ngapi? Somo la Vipimo kwa Mwanafunzi wa Fiqhi



Kila linapoingia kumi la mwisho la Ramadhani, swali moja hurudi kwenye meza ya kamati yetu ya zaka: fitra ni kilo ngapi? Tangazo la msikiti mmoja husema kilo mbili na nusu. La msikiti wa pili husema kilo tatu. Aliyesoma kitabu atakuambia kilo 2.04, na mwenzake aliyesoma kitabu kingine atakuambia 2.176. Ndugu zetu wanaosoma sayansi hutucheka kidogo. Amri ya Mtume (s.a.w.) ni moja, wanasema, sasa nyinyi watu wa Sharia mmepata wapi majibu manne?

Swali lao ni la haki na linastahili jibu la haki. Nilivyolifuatilia, nimeona kwamba sehemu kubwa ya tofauti hizi si ikhtilafu ya fiqhi hata kidogo. Ni ikhtilafu ya upimaji. Masheikh hawakutofautiana juu ya hadithi. Walipima vitu tofauti kwa mizani tofauti, kisha kila mmoja akaandika namba yake, na sisi tukazinukuu namba bila kuuliza kilichopimwa. Mambo yanayohitajika kulifungua fundo hili tulifundishwa sekondari, tukayaacha kwenye chumba cha mtihani. Nitayarudia hapa kwa mifano yetu wenyewe.

Kilichopimwa ni nini?

Kipimo kina sehemu mbili, namba na kizio. Tano peke yake si kipimo. Kilo tano, lita tano, mita tano, hivyo ni vipimo, na kila kimoja kinapima sifa nyingine kabisa ya kitu. Kilo hupima tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe, ambao sokoni tunauita uzito. (Mwalimu wa fizikia atakusahihisha kwamba uzito ni nguvu na hupimwa kwa nyutoni. Yuko sahihi, ila kwa leo tuzungumze Kiswahili cha sokoni.) Lita hupima ujazo, yaani nafasi ambayo kitu kinaichukua.

Sasa swaa iko upande gani? Swaa ni chombo. Ni mudi nne, na mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokusanywa pamoja. Wazee wa pwani waliielewa vizuri, ndiyo maana walipoandika fiqhi kwa Kiswahili waliita swaa pishi, na mudi wakaiita kibaba, kwa sababu pishi nayo ni vibaba vinne. Methali ya haba na haba inakijua kibaba, ingawa haituambii kinajaa mililita ngapi.

Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) kuhusu fitra inataja swaa ya tende au swaa ya shayiri. Jaza chombo kimoja tende, ukipime, kisha ukijaze shayiri ukipime tena. Uzito hautakuwa sawa. Kama swaa ingekuwa uzito mmoja maalumu, isingewezekana chombo kile kile kiwe swaa ya hiki na swaa ya kile. Kwa hiyo anayeuliza swaa ni kilo ngapi bila kusema kilo ngapi za nini, swali lake halijakamilika, na atakayemjibu kwa namba moja tu amejibu swali ambalo halikuulizwa.

Ipo pia hadithi iliyopokewa na Abu Daud na An-Nasai, ambayo maana yake ni kwamba katika mizani tufuate mizani ya watu wa Makka, na katika vipimo vya ujazo tufuate vipimo vya watu wa Madina. Makka ulikuwa mji wa wafanyabiashara, watu wa dhahabu na fedha. Madina ulikuwa mji wa wakulima, watu wa tende na nafaka. Kila mji ukafanywa marejeo ya kile ulichokijua zaidi, na ujazo ukatenganishwa na uzito karne nyingi kabla ya vitabu vyetu vya sekondari.

Daraja kati ya lita na kilo

Daraja la kutoka ujazo kwenda uzito linaitwa densiti, yaani kilo ngapi zimo ndani ya lita moja. Maji ya joto la chumba yana densiti ya karibu kilo 0.997 kwa lita. Nafaka ni nyepesi zaidi, kwa sababu kati ya punje na punje kuna hewa.

Nilitaka kuliona hili kwa macho yangu. Nilichukua jerikeni la plastiki la lita tatu, nikalikata mdomo, nikalipima tupu kwenye mizani ya jikoni: gramu 112. Nikatia maji mpaka mizani iliposoma gramu 2,855. Ukitoa 112 unabaki na gramu 2,743 za maji, na ukigawa kwa 0.997 unapata mililita 2,751. Nikatia alama hapo na kukata tena, usawa wa alama. Hicho ndicho chombo cha lita 2.75, kiasi ambacho vitabu vingi vya fiqhi vya zama zetu hukitaja kuwa swaa. Nitaeleza huko mbele namba hiyo inatokana na nini.

Kisha nikajaza mchele uliokobolewa, nikaufuta juu kwa rula, nikapima. Nilifanya hivyo mara tano, kila mara nikimwaga na kujaza upya. Baada ya kutoa uzito wa chombo nilipata kilo 2.27, 2.24, 2.29, 2.25 na 2.26. Jumla ni 11.31, ukigawa kwa tano ni 2.26. Chombo ni kile kile, mchele ni ule ule, mkono ni ule ule, lakini namba tano hazikufanana zote. Hii ndiyo sababu ya kupima zaidi ya mara moja. Kosa linaloruka huku na huku hupungua unapochukua wastani, na umbali kati ya kipimo cha juu na cha chini (hapa gramu 50) unakuonya usidai usahihi ambao huna.

Lipo kosa la aina nyingine ambalo wastani hauliondoi. Kama mizani yako inaanza kwenye gramu 50 badala ya sifuri, pima mara mia, utakosea mara mia kwa kiasi kile kile na kwa upande ule ule. Wenye maduka wanalijua kosa hili kuliko sisi, na wapo wanaolipenda. Sura ya Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya watu hao hasa, wanaopokea kwa ukamilifu na kutoa kwa kupunja. Dawa yake ni kuiangalia mizani ikiwa tupu, na kuijaribu kwa kitu ambacho uzito wake unajulikana. Lita moja ya maji inatosha kwa kuanzia.

Nikaendelea. Mahindi makavu yalitoa wastani wa kilo 2.03, maharage kilo 2.20, na unga wa mahindi, bila kuushindilia, kilo 1.57 tu. Kisha nikarudia mchele, safari hii nikikitikisa chombo mpaka punje zikakaa sawasawa na kuongeza juu: kilo 2.41. Yaani kutikisa peke yake kuliongeza gramu 150. Muuzaji wa nafaka sokoni anajua kwa nini hataki utikise kopo lake.

Tazama sasa maana yake kwa kamati. Ukimpa maskini kifurushi cha kilo mbili cha mchele kwa kudhani umetoa swaa, kwa chombo hiki umepunguza gramu 260, zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ukimpa kilo mbili za mahindi, umepungukiwa na gramu 30 tu. Ukimpa kilo mbili na nusu za mchele, umetimiza na kuzidisha. Namba moja ya kilo haiwezi kuwa sahihi kwa vyakula vyote. (Unga ni mlango mwingine, maana Mashafii hawakubali unga katika fitra, wanataka nafaka yenyewe. Na wenzetu wanaouliza habari za matoke, jambo ambalo hapa Uganda ni swali la kweli wala si mzaha, hao nawaelekeza kwa masheikh. Mkungu wa ndizi haujai kwenye swaa.)

Wazee wa Madina na Abu Yusuf

Kisa ninachokipenda katika mlango huu kimepokewa na Al-Bayhaqi na wengineo. Abu Hanifa alisema swaa ni ratili nane. Mwanafunzi wake mkubwa, Kadhi Abu Yusuf, alipofika Madina aliuliza habari za swaa, akaambiwa kwamba swaa ya Madina ndiyo swaa ya Mtume (s.a.w.). Akaomba ushahidi. Kesho yake wakamjia wazee wapatao hamsini, watoto wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja amebeba swaa yake chini ya nguo yake, na kila mmoja akieleza kutoka kwa baba yake au watu wa nyumbani kwake kwamba hiyo ndiyo swaa ya Mtume. Abu Yusuf akazitazama, akaziona ni sawa. Akapima, akakuta ratili tano na theluthi, pungufu kidogo. Akaiacha kauli ya mwalimu wake katika suala hili.

Kisome kisa hiki kwa jicho la maabara. Vyombo hamsini, vilivyohifadhiwa katika nyumba mbalimbali, vinalinganishwa. Matokeo yake yanatajwa pamoja na upungufu wake mdogo badala ya kuufuta ili namba ipendeze. Na kila chombo kina isnadi. Leo wataalamu wa vipimo wanadai jambo hilo hilo: kila mizani ithibitishwe kwa jiwe la mizani lililothibitishwa kwa jiwe la juu yake, mpaka kufika kwenye asili. Hapa Uganda kazi hiyo ni ya Shirika la Taifa la Viwango, UNBS, ambalo hukagua mizani za biashara. Juu ya mashirika ya nchi iko ofisi ya kimataifa ya vipimo huko Sèvres, karibu na Paris, iliyotokana na mkataba wa mita wa tarehe 20 Mei 1875. Kwa zaidi ya miaka mia moja asili ya kilo ilikuwa kipande kimoja cha madini ya platinamu na iridiamu kilichofungiwa huko. Kilipolinganishwa na nakala zake, ilionekana kwamba zimeachana kwa kiasi cha mikrogramu 50. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande chochote cha chuma. Imefungamanishwa na namba thabiti ya maumbile, ile ya Planck.

Mwanafunzi wa hadithi hakubali matini isiyo na sanadi. Sioni kwa nini akubali kilo isiyo na sanadi.

Ratili ya nani?

Tumepata ratili tano na theluthi, na hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoingia mtegoni. Ukifungua kamusi, ratili ni kipimo cha Kiingereza cha gramu 453.6. Zidisha kwa tano na theluthi, utapata gramu 2,419. Hesabu ni safi na jibu ni batili, kwa sababu ratili ya Abu Yusuf ilikuwa ya Iraki. Jina ni moja, vizio ni viwili.

Ratili ya Baghdad, kwa mujibu wa An-Nawawi, ni dirhamu 128 na visaba vinne, yaani 128 4/7. Katika sharia dirhamu kumi ni sawa na mithqali saba. Na mithqali ni uzito wa dinari. Dinari za dhahabu zilizopigwa baada ya Khalifa Abdul-Malik bin Marwan kutengeneza sarafu mpya mwaka 77 Hijria bado zipo kwenye makumbusho, na zinapopimwa hukaa karibu na gramu 4.25. Sasa tuandike hesabu, na vizio tuviandike kila hatua, visipotee njiani:

Dirhamu 1 = 7/10 ya mithqali × gramu 4.25 kwa mithqali = gramu 2.975.
Ratili 1 = dirhamu 128 4/7 × gramu 2.975 kwa dirhamu = gramu 382.5.
Swaa 1 = ratili 5 1/3 × gramu 382.5 kwa ratili = gramu 2,040.

Hiyo ndiyo kilo 2.04, na ndiyo namba aliyoitaja Sheikh Ibn Uthaymin, akisema wazi kwamba ni ya ngano nzuri. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo tunayoyaacha tunaponukuu.

Na 2.176? Wengine walichukua dirhamu nzito zaidi, ya karibu gramu 3.17, ambayo inaifanya ratili kuwa karibu gramu 408. Ratili 5 1/3 mara gramu 408 ni gramu 2,176 kamili. Lita moja ya ngano nzito ni kama gramu 790, na 2,176 ukigawa kwa 790 unapata lita 2.75, kiasi cha chombo changu. Ukigawa 2,040 kwa 790 unapata lita 2.58. Kwa hiyo hata ujazo wenyewe, kwa vyanzo tulivyonavyo, unakaa kati ya lita 2.6 na 2.75 hivi, tofauti ya asilimia sita. Mimi nimechagua kubwa kwa sababu katika kutoa ni salama zaidi. Na kilo tatu alizozitaja Sheikh Ibn Baz ni makadirio yaliyoongezwa kwa tahadhari, ili kila chakula kiingie ndani. Zipo namba za kupima na zipo namba za tahadhari, na zote zina nafasi. Tatizo linaanza tunapozilinganisha kana kwamba ni za aina moja.

Hapa pia somo la tarakimu linaingia. Kipimo ambacho asili yake ni viganja vya mtu wa wastani hakiwezi kutoa jibu la 2.1760. Kila tarakimu unayoiandika ni madai. Ukiandika kilo 2.176 unadai kwamba unajua mpaka gramu moja, na mchele wangu mwenyewe uliruka gramu 50 kwa kumwaga na kujaza tu. Fanya hesabu yako na tarakimu zote, lakini jibu la mwisho liandike kwa tarakimu ambazo kipimo chako dhaifu zaidi kinaweza kuzibeba. Kilo 2.2 au 2.3 za mchele ni jibu la mtu mkweli.

Usidhani mtego wa kuchanganya ratili na kilo ni wa watu wa fiqhi peke yao. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Ndani ya matangi kulikuwa na lita 7,682. Ili kugeuza lita kuwa kilo walizidisha kwa 1.77, namba waliyoizoea, bila kuangalia kwamba ni ratili za Kiingereza kwa lita. Densiti iliyotakiwa ni kilo 0.803 kwa lita. Wakaongeza lita 4,916 badala ya lita 20,000 na ushei. Injini zote mbili zilizimika angani, na rubani akaitelezesha ndege mpaka uwanja wa zamani wa Gimli, Manitoba. Kwa rehema za Allah hakufa mtu katika watu 69 waliokuwemo. Kuzidisha kwao hakukuwa na kosa hata tarakimu moja.

Kosa dogo mara mia tatu

Gramu 136 kati ya 2,040 na 2,176 zinaonekana ni kitu kidogo, konzi chache tu za mchele. Lakini nisabu ya mazao ni wasaki tano, na wasaki ni swaa 60 (kama jizla ya pwani ilivyokuwa pishi 60). Jumla ni swaa 300. Kosa nalo linazidishwa kwa 300: gramu 136 zinakuwa kilo karibu 41. Ndiyo maana kitabu kimoja kinakuandikia nisabu ya kilo 612 na kingine kilo 653.

Mchukue mkulima aliyevuna kilo 630 za mahindi kwa mvua. Kwa kitabu cha kwanza anadaiwa sehemu moja ya kumi, kilo 63. Kwa kitabu cha pili hadaiwi kitu. Mafukara wa kijiji chake wanapata kilo 63 au hawapati kabisa, kwa sababu ya dirhamu ambayo hakuna aliyewahi kuishika mkononi.

Lakini tukirudi kwenye asili, kwamba swaa ni ujazo, mkulima huyu hahitaji namba yoyote kati ya hizo, maana zote mbili ni za ngano. Nisabu ni swaa 300 × lita 2.75 = lita 825. Mahindi yangu yalikuwa kilo 2.03 kwa lita 2.75, yaani 0.738 kwa lita. Kilo 630 ukigawa kwa 0.738 ni lita 854. Amefika. Hata tukichukua swaa ndogo amefika, kwa nafasi kubwa zaidi. Jirani yake mwenye kilo 630 za mchele uliokobolewa hajafika: 630 ukigawa kwa 0.822 ni lita 766, wakati nisabu kwa swaa kubwa ni 825, na kwa swaa ndogo ya lita 2.58 ni 774. Kilo ni zile zile na hukumu ni mbili. Bila shaka mahindi ya kila shamba hayako sawa, yenye unyevu na yaliyokauka hayalingani densiti, kwa hiyo apime debe lake mwenyewe asitegemee jerikeni langu.

Dhahabu ni nyepesi kueleza kwa sababu yenyewe ni ya mizani tangu mwanzo. Dinari 20 × gramu 4.25 ni gramu 85. Dirhamu 200 za fedha × 2.975 ni gramu 595. Angalia mambo mawili. Karati ni sehemu ya 24, kwa hiyo gramu 100 za karati 18 zina gramu 75 za dhahabu safi, chini ya nisabu. La pili ni wakia. Bei ya dhahabu duniani hutajwa kwa wakia ya masonara, gramu 31.1, si wakia ya kawaida ya gramu 28.35, wala wakia ya fiqhi ambayo ni dirhamu 40, gramu 119. Tuseme wakia ni dola 3,000. Ukigawa kwa 31.1 na kuzidisha kwa 85, nisabu ni dola karibu 8,200. Ukigawa kwa 28.35, ni karibu 9,000. Mwenye dola 8,500 atajiona yuko huru na kumbe anadaiwa.

Hata mwaka ni kizio. Asilimia 2.5 ni ya mwaka wa mwezi, siku 354. Anayefunga hesabu zake kwa mwaka wa jua wa siku 365 huweka asilimia 2.577 ili haki ya siku kumi na moja isipotee.

Kwa kamati zetu napendekeza tufanye kazi hii mara moja kabla ya Ramadhani. Tuandae chombo cha lita 2.75, ambacho ni chupa tano na nusu za maji za nusu lita. Tujaze chakula kitakachotolewa mwaka huo, tupime mara tano, tuchukue wastani, tupandishe kwenda juu mpaka sehemu ya kumi ya kilo, kisha tangazo lisomeke: fitra ni swaa moja, na kwa mchele huu ni kilo kadhaa. Kama waliotoa ni wanafunzi 400 na kila mmoja akapungukiwa na gramu 260, kilo 104 hazikufika kwa wenyewe.

Mazoezi kwa msomaji. Majibu mpelekeeni mhariri, na njia ionekane.

1. Mkulima ana magunia saba ya maharage. Mizani inasoma kilo 100 kwa kila gunia, lakini ikiwa tupu inasoma kilo 2. Shamba lilimwagiliwa kwa pampu, kwa hiyo kiwango ni asilimia 5. Tumia densiti ya maharage yangu. Je, amefika nisabu? Atatoa kilo ngapi?

2. Mama ameweka akiba, si pambo la kuvaa, tola 9 za dhahabu ya karati 22. Tola ni gramu 11.66. Je, imefika nisabu? Jibu lako lina haki ya tarakimu ngapi?

3. Jaza viganja vyako viwili mchele, uumimine kwenye chombo chenye alama za mililita. Rudia mara kumi, chukua wastani, zidisha kwa nne. Linganisha na lita 2.75, kisha mpe rafiki yako mwenye mikono mikubwa afanye vile vile.